Kupanga bidhaa mpya kwa kuanzia kwa mteja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu ninaofanya nao kazi ya kupanga bidhaa: wahandisi, watu wa masoko, wenye biashara ndogo na mabosi wenye haraka. Mengine niliulizwa nikiwa sina jibu, nikalipata baadaye kwa gharama.

"Kuanzia kwa mteja" maana yake nini hasa? Mbona kila kampuni inadai inafanya hivyo?

Inadai, ndiyo. Ukitaka kujua ukweli, uliza kikao cha kwanza cha bidhaa yao ya mwisho kilizungumzia nini. Mara nyingi kilizungumzia walichonacho: mashine inayokaa nusu siku bila kazi, mhandisi aliyejifunza jambo jipya, mshindani aliyetoa kitu mwezi uliopita. Mteja aliingia kwenye kikao cha nne, pale mtu wa masoko alipoulizwa, "Haya, hiki tutamuuzia nani?"

Kuanzia kwa mteja ni kulileta swali hilo mbele ya bajeti, mchoro na jina la bidhaa. Ni mtu gani, yuko katika hali gani, anahangaika na nini, na leo anajinasua vipi? Ukishapata majibu ndipo unarudi nyuma hatua kwa hatua. Ili hangaiko hilo limwishe, anahitaji kupata nini? Ili akipate, sisi tutengeneze nini? Ili tukitengeneze, tunakosa nini? Ikionekana tunakosa karibu kila kitu, hiyo nayo ni habari, na ni heri tuipate ikiwa bado ni karatasi.

Wazo hili lilianzia wapi?

Halina baba mmoja. Huko Japani, Yoji Akao, mtaalamu wa ubora wa bidhaa, alianza katika miaka ya 1960 kutafuta namna ya kuingiza sauti ya mteja kwenye usanifu wenyewe badala ya kusubiri ukaguzi wa mwisho. Mwaka 1972 kiwanda cha kuunda meli cha Mitsubishi mjini Kobe kikatumia jedwali kubwa: upande mmoja matakwa ya mteja, upande mwingine vipimo vya kihandisi, na katikati alama za kuonyesha kipi kinagusa kipi. Steve Jobs naye, mwaka aliorudi Apple, 1997, aliulizwa swali la kejeli mbele ya watengenezaji wa programu. Alijibu kwamba lazima uanze na yale anayoyapitia mteja, kisha urudi nyuma hadi kwenye teknolojia. Kuanza na teknolojia halafu kutafuta wa kumuuzia, alisema, ni kosa ambalo yeye pengine amelifanya kuliko mtu yeyote mle ukumbini.

Amazon ndiyo iliyoligeuza wazo kuwa karatasi ya kazi. Juni 2004 mwanzilishi wake, Jeff Bezos, alipiga marufuku slaidi za PowerPoint kwenye vikao vya viongozi wake wa juu, zikaingia hati za maelezo kamili ambazo watu huzisoma kimya mwanzoni mwa kikao. Katika miaka hiyohiyo ikazoeleka pale kwamba anayependekeza bidhaa mpya anaandika kwanza tangazo la uzinduzi wake, kana kwamba bidhaa imeshakamilika, na kuliambatanisha na maswali na majibu. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu karatasi hiyo.

Hitaji na ombi vina tofauti gani?

Ombi ni suluhisho ambalo mteja ameshalifikiria kwa niaba yako. Hitaji ni kero iliyomfanya alifikirie. Mteja akisema, "Wekeni kitufe cha kuchapisha ripoti," ombi ni kitufe. Hitaji huenda likawa kwamba bosi wake haziamini tarakimu za kwenye skrini mpaka azishike mkononi. Ukimpa kitufe atakushukuru. Ukiijua habari ya bosi, utamtumia bosi mwenyewe ripoti kila Jumatatu asubuhi, na kitufe hakitakumbukwa tena.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwenye malezi sijui. Kwenye bidhaa, muulize kwanza anataka kukata nini.

Nitajuaje kwamba kero ni ya kweli?

Tazama kama mtu ameshaanza kuitibu mwenyewe. Kero ya kweli huacha alama: karatasi iliyobandikwa juu ya mashine, jedwali la kompyuta lenye rangi ambazo mtu mmoja tu anazielewa, kamba iliyofungwa mahali palipotakiwa bawaba. Asiyetumia dakika hata moja kujisaidia leo hatatumia fedha kesho.

Nitoe mfano uliotukuta. Timu yetu ilitaka kutengeneza programu ya simu ya kuhifadhi vipimo vya wateja wa mafundi cherehani. Wazo lilionekana halina ubishi: fundi anaandika vipimo kwenye daftari, daftari hupotea, sisi tutaviokoa vipimo. Nikaenda kukaa na fundi mmoja kutwa nzima, kwenye stuli pembeni ya cherehani yake. Daftari lake lilikuwa la miaka mingi, jalada limeshonwa upya kwa uzi mnene wa jinzi. Kila ukurasa una jina, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na pembeni kipande cha kitambaa cha mteja kimebanwa kwa pini ili nguo zisichanganyike. Nilipomuuliza mara ya mwisho lilipotea lini, alicheka. Halijawahi kupotea.

Kilichomtesa kilikuwa mlangoni. Siku ile walikuja wateja saba kuchukua nguo, na zilizokuwa tayari ni tatu. Kila aliyekuta yake haijaisha alipewa siku nyingine, na siku hiyo fundi aliitoa kichwani huku mguu ukiwa bado kwenye kanyagio. Jioni nilijumlisha: alikuwa ameahidi nguo kumi na moja kwa Ijumaa moja. Nikafungua upande wa ndani wa jalada la nyuma, na pale palikuwa na "Ij" na vijiti vya kuhesabia, vimekatwa, vimeandikwa tena, vimekatwa tena. Aliwahi kujaribu kuzihesabu ahadi zake, akachoka.

Vile vijiti ndivyo vilivyokuwa bidhaa. Vipimo tulivyotaka kuviokoa vilikuwa salama siku zote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tulikuwa tumekaa ofisini miezi miwili tukichagua rangi ya kitanda.

Nimuulize mteja maswali gani?

Uliza yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho ilikuwa lini? Ulifanyaje? Ilikuchukua muda gani? Ulimwita nani? Ulitumia kiasi gani? Kumbukumbu ya tukio moja, hata ikiwa na mapengo, inazidi maoni kumi.

Epuka "ungependa" na "ungenunua". Watu ni waungwana. Ukimwonyesha mtu kitu ulichokihangaikia, atakisifu, atakutakia heri, na hutamwona tena. Mimi hujizuia kabisa kulitaja wazo langu kwenye mazungumzo ya kwanza, kwa sababu likishatajwa mazungumzo yanageuka kuwa ya kunifurahisha.

Na ujifunze kunyamaza. Mtu akimaliza kujibu, usirukie swali linalofuata. Jibu la kwanza ni la adabu, likifuatwa na kimya, huja jibu la pili linaloanza na "ila..." Kalamu yako iwe tayari hapo.

Jambo moja zaidi: andika maneno yake yeye, usiyatafsiri kwa lugha ya ofisini. Akisema "naaibika", usiandike "changamoto ya uhusiano na wateja". Neno "naaibika" litakuja kukuandikia tangazo.

Niongee na watu wangapi?

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kukuonyesha takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, na tarakimu hiyo imezagaa kila mahali. Yeye alizungumzia majaribio ya kuona kama watu wanaweza kutumia kitu kilichopo, na alipendekeza kurudia majaribio madogo badala ya kufanya moja kubwa. Watano hawawezi kukwambia soko lina ukubwa gani.

Kwa kutafuta kero, kipimo changu ni cha kizamani: naendelea mpaka nianze kukisia jibu kabla halijasemwa. Kwa kundi moja la watu wanaofanana, mara nyingi hilo hutokea kabla sijafika ishirini. Likichelewa sana, huenda nimechanganya makundi mawili.

Si Henry Ford alisema kwamba angewauliza watu wanataka nini, wangejibu farasi wenye kasi zaidi?

Hakuna ushahidi kwamba alisema. Ford, mtengenezaji wa magari, alifariki 1947, na maneno hayo yanaanza kuzunguka kwa jina lake miongo mingi baadaye. Hata hivyo tuyachukulie kama aliyasema. Mtu anayetaka farasi mwenye kasi ameshakwambia hitaji lake waziwazi: kufika mapema. Farasi ni ombi. Wanaoitumia kauli hii kukwepa kuongea na wateja wanajishtaki kwamba hawajui kusikiliza.

Tangazo la uzinduzi linaandikwaje wakati bidhaa haipo?

Andika kama vile ni siku ya uzinduzi na msomaji ni mteja asiyekujua. Kichwa cha habari kitaje mteja na alichopata. Aya ya kwanza imweleze ni nani na nini kimebadilika kwake. Ya pili ieleze kero kwa namna ambayo mwenye nayo atatikisa kichwa kukubali. Kisha ndipo useme bidhaa inafanyaje kazi, kwa sentensi chache, na maneno ya mteja wa kufikirika anayeeleza siku yake ilivyo sasa. Maliza na jinsi ya kuanza kuitumia.

Tangazo baya unalitambua haraka ukiwa na rasimu mbili mezani. Hii ilikuwa ya kwanza kwa ile programu ya mafundi:

"Tunajivunia kuzindua jukwaa la kisasa la kidijitali linalowawezesha mafundi cherehani kusimamia taarifa za wateja kwa ufanisi, usalama na urahisi."

Futa "mafundi cherehani", weka "madaktari wa meno". Sentensi inasimama vilevile. Tangazo linaloweza kuhama kutoka kwa fundi hadi kwa daktari bila kujikwaa halimjui yeyote kati yao.

Hii ni ya tano, baada ya ile stuli:

"Fundi cherehani sasa anaweza kumtajia mteja siku ya kuchukua nguo bila kubahatisha. Kabla hajaahidi, anatazama simu mara moja na kuona ameshaahidi nguo ngapi kwa kila siku ya wiki. Siku iliyojaa ni nyekundu. 'Nilikuwa nasema Ijumaa kwa sababu mdomo wangu umezoea Ijumaa,' anasema fundi mmoja. 'Siku hizi nikiona nyekundu nasema Jumanne, na Jumanne nguo iko tayari.'"

Rasimu hii ina makosa yake, nitayafikia. Lakini inaweza kupingwa, na hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. Mhandisi anaweza kuuliza, "Simu inajuaje siku imejaa?" Fundi anaweza kusema, "Mimi sina mkono wa kushika simu." Rasimu ya kwanza hakuna aliyeweza kuipinga, wote mezani waliikubali, na kila mmoja alikuwa anawaza bidhaa tofauti.

Liwe refu kiasi gani?

Ukurasa mmoja. Ukizidi, una bidhaa mbili.

Nani aliandike?

Yule atakayelala macho bidhaa ikikwama. Ukilikabidhi kwa idara ya masoko, litarudi likiwa zuri na tupu. Wahandisi wengi huogopa kuandika, lakini wakishaanza huwa na faida moja: wanachukia kuahidi wasichoweza kutimiza.

Maswali na majibu yanayoambatana nalo yawe yapi?

Yagawanye mafungu mawili. Fungu la nje ni yale atakayouliza mteja: inanigharimu nini, nikishindwa nampigia nani, data zangu anaziona nani, nikiacha kuitumia natokaje. Majibu yawe ya lugha ileile utakayomjibu akiwa mbele yako.

Fungu la ndani ndilo lenye maumivu, na ndilo watu huliruka. Hapa wanauliza wenzako. Kwa nini mteja aache anachotumia leo? Tunapata fedha wapi, na kila mteja mmoja anatugharimu kiasi gani? Sehemu gani hatujui kuitengeneza? Sheria inasemaje? Tukipata wateja mara kumi ya tuliowatarajia, nini kitavunjika kwanza? Na swali ambalo mimi huliweka juu kabisa: kama bidhaa hii itashindwa, itakuwa imeshindwa kwa sababu gani?

Timu nyingi hujibu maswali haya kama anayetetea hoja mahakamani. Kwangu, jibu lenye heshima kuliko yote ni "hatujui, na tutajua ifikapo tarehe fulani kwa kufanya jambo fulani". Nimeona karatasi zenye majibu kumi na tano yaliyonyooka, na ndani yake kumi na nne yalikuwa ya kubuni.

Coca-Cola walifanya utafiti mkubwa kabla ya kubadilisha ladha mwaka 1985. Mbona walishindwa?

Swali zuri, maana walisikiliza wateja kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuwasikiliza. Kiasi cha watu 200,000 walionjeshwa na wengi wakaipenda ladha mpya. Ilizinduliwa tarehe 23 Aprili 1985. Kufikia Juni, simu za malalamiko zilikuwa 1,500 kwa siku, wakati kabla ya hapo simu zilizoingia zilikuwa kama 400. Baada ya siku 79, tarehe 11 Julai, kampuni ikatangaza kuirudisha ladha ya zamani.

Waliuliza swali moja wakalijibu vizuri: kipi kitamu zaidi kwenye funda moja? Hawakuuliza kinywaji kile kina kazi gani katika maisha ya mnywaji, na wala hawakumwambia muonjaji kwamba akichagua kipya, cha zamani kitaondolewa. Kuna watu walikinywa kwa sababu ya utamu, na kuna waliokinywa kwa sababu ndicho walichokuwa wanakunywa tangu utotoni. Hawa wa pili hawaonekani kwenye kikombe cha kuonja.

Ndiyo maana nasisitiza kutazama kuliko kuuliza. Sam Farber alimtazama mkewe Betsey, aliyekuwa na ugonjwa wa yabisi mikononi, akihangaika na kisu cha kumenyea chenye mpini mwembamba wa chuma. Mwaka 1990 kampuni yake, OXO, ikatoa vifaa vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira laini. Vilinunuliwa na watu wengi ambao mikono yao haikuwa na tatizo lolote. Hakuna dodoso lingeuliza "unaupenda mpini wako?" likapata jibu la maana, watu walishazoea kwamba mpini ndivyo ulivyo.

Je, teknolojia ikitangulia ni kosa? Vitu vingi vizuri vilianza maabara.

Si kosa, ila lazima mteja apatikane njiani, na kusubiri kunaweza kuwa kurefu. Spencer Silver wa kampuni ya 3M aligundua mwaka 1968 gundi isiyoshika sana. Ilikaa miaka ikitafuta kazi. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, alichoka na vipande vya karatasi alivyoweka kwenye kitabu cha nyimbo kudondoka kila akikifungua. Hapo gundi ikapata kero, na vikazaliwa vikaratasi vya kubandika na kubandua, Post-it. Na bado jaribio la kwanza sokoni, mwaka 1977, halikufua dafu. Watu walikuwa wanaambiwa habari za vikaratasi hivyo bila kuvishika. Mwaka uliofuata kampuni ikagawa vya bure katika mji wa Boise, Marekani, na zaidi ya asilimia 90 ya waliovijaribu wakasema watanunua. Uzinduzi wa nchi nzima ulikuja mwaka 1980.

Hesabu: miaka 12. Kama una maabara tajiri na subira, sawa. Wengine wote tuanze upande wa pili.

Naweza kupima hitaji kabla ya kutengeneza chochote?

Unaweza, na ubahili hapa ni fadhila. Jeff Hawkins wa kampuni ya Palm, kabla kompyuta ya mkononi ya Pilot haijatoka mwaka 1996, alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa wa kutosha mfuko wa shati, akawa anatembea nacho. Akiulizwa kama ana nafasi siku fulani, anakitoa, anajifanya anaandika. Kwa mbao hiyo alijua mambo yapi angeyafanya mara nyingi na yapi kamwe.

Nick Swinmurn, mwaka 1999, alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu. Hakununua shehena. Alipiga picha viatu vya madukani, akaziweka kwenye tovuti, na oda ikija alikwenda dukani akanunua kwa bei ya pale pale na kumtumia mteja. Alipata hasara kwa kila jozi na jibu kwa kila jozi. Ndiyo ikawa Zappos, duka la viatu la mtandaoni.

Drew Houston wa Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, yeye alitengeneza video ya dakika chache mwaka 2008 kuonyesha jinsi mafaili yanavyolingana kwenye kompyuta mbili. Kwa maelezo yake mwenyewe, orodha ya wanaosubiri ilipanda kutoka watu 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja. Hapa nina tahadhari: kuacha anwani ya barua pepe ni rahisi. Mteja akitoa fedha, au akivunja ratiba yake, hapo amesema kitu.

Mambo yote ambayo wateja wanahitaji hayaingii kwenye toleo la kwanza. Nichague vipi?

Noriaki Kano, profesa wa Japani, alitupa mwaka 1984 mgawanyo ambao bado unanisaidia. Kuna mambo ambayo mteja hayasemi kwa sababu anaona ni ya lazima, kama breki kwenye gari: yakiwepo hakushukuru, yakikosekana anaondoka. Kuna yale ambayo kadiri yanavyoongezeka ndivyo anavyoridhika, kama betri inayodumu. Na kuna yale asiyoyatarajia, ambayo yakikosekana hajui kama amekosa kitu, lakini akiyaona anawasimulia rafiki zake.

Kosa la kawaida ni kujaza toleo la kwanza kwa fungu la tatu huku la kwanza likiwa na matundu. Kosa jingine ni kusahau kwamba mafungu huhama. Kamera kwenye simu ilikuwa maajabu. Leo simu isiyo nayo inashangaza kwa sababu tofauti.

Mteja na mnunuzi wakiwa watu wawili tofauti?

Ni kawaida: mzazi na mtoto, mwajiri na mfanyakazi, hospitali na muuguzi. Andika tangazo mara mbili, moja kwa kila mmoja. Kama moja linasema "muuguzi anaokoa muda" na jingine "hospitali inamfuatilia muuguzi kila dakika", umegundua mgogoro ambao ungelipuka baada ya kuuza. Wazo likiwa linampendeza mlipaji tu, litanunuliwa na kuwekwa kabatini.

Na washindani?

Wasome, lakini usianzie kwao. Mshindani wa ile programu hakuwa programu nyingine. Alikuwa daftari lenye jalada la uzi wa jinzi, ambalo halihitaji chaji.

Njia hii inahakikisha mafanikio?

Hapana. Amazon yenyewe, yenye sifa zote hizi, ilitoa simu ya Fire Phone Julai 2014. Ilikuwa na kamera 4 za ziada kwenye pembe za uso wake ili picha za skrini zionekane kama zina kina mtu anapogeuza kichwa. Ilikuwa kazi ngumu ya kihandisi, na hakuna mtu aliyekuwa analala njaa kwa kukosa kina kwenye skrini ya simu. Oktoba ya mwaka huohuo kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 170, kwa sehemu kubwa simu zilizododa na ahadi kwa wasambazaji wa vipuri, na mwaka 2015 ikaacha kuiuza.

Karatasi haiwezi kumzuia mwenye nguvu aliyekwisha kuamua. Nikiona tangazo limeandikwa baada ya bajeti kupitishwa, najua ni pambo.

Ni wakati gani wa kuliacha wazo?

Pale swali moja kwenye fungu la ndani linapokataa kujibiwa, na kila mtu anaanza kulizungumzia kwa sauti ya chini. Kwetu lilikuwa hili: "Kwa nini fundi asitumie karatasi ukutani?" Tulikuwa na majibu marefu. Mwenzetu mmoja akasema, basi tuipe nafasi hiyo karatasi, tuone itashindwa wapi.

Tukachora safu saba, moja kwa kila siku, kila safu na visanduku sita, tukawapelekea mafundi watano. Nguo ikipokelewa, jina linaingia kwenye kisanduku. Visanduku vikijaa, siku imefungwa. Baada ya wiki mbili watatu walikuwa bado wanaitumia. Wawili waliacha, na ni hao walioniambia jambo ambalo rasimu ya tano haikulijua. Kujua kwamba Ijumaa imejaa hakukuwasaidia, kwa sababu mteja akisisitiza, wao hushindwa kusema hapana. Karatasi ilikuwa imebandikwa mbele ya cherehani, anapoitazama fundi peke yake. Mteja aliona uso wa fundi tu, na uso huo unabembelezeka.

Tukaihamisha hadi ukuta wa pili, inapotazamana na mlango. Wiki iliyofuata nilikuwa tena kwenye ile stuli, kwa yule fundi wa daftari. Mteja akaingia na kitambaa, akasema anataka Ijumaa. Fundi hakuinua hata mguu kwenye kanyagio. Alinyoosha mkono wenye chaki kuelekea ukutani. Mteja akasoma majina sita, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama Jumanne kuna nafasi.

Programu hatukuitengeneza.